Nilivyostaafu Kusahihisha Kizungu cha Watu

Nikiri kwanza ndio tuongee vizuri. Nilichukua barua ya mama yangu mzazi, barua ya kuomba simiti, nikaisahihisha kwa biro nyekundu kama karatasi ya mtihani. Nikampa kumi na moja juu ya ishirini. Chini nikamwandikia aongeze bidii. Halafu, kwa vile barua sasa ilikuwa imejaa damu kama mbuzi wa Krismasi na haingeweza kutumwa hivyo, nikaiandika upya kwa Kizungu changu, nikaichana ile yake, na hiyo yangu nikaituma ng'ambo kwa jina lake. Sikumwambia. Nilidhani nimemsaidia.

Sasa kaeni chini.

Mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, niko Form Three, na nimestaafu kazi niliyoifanya tangu darasa la sita bila likizo, bila mshahara na bila kuombwa na mtu yeyote. Kazi yenyewe ilikuwa kusahihisha Kizungu cha watu. Nilisahihisha mabango, matangazo ya kanisa, kadi za harusi, na maandishi ya chooni, hayo ya mwisho kwa makaa. Wafanyakazi wengine wakistaafu hupewa saa ya ukutani. Mimi nilipewa karai la mchanga, na mtasikia.

Nawaandikia nyinyi mono, yaani Form One wa mwaka huu, kwa sababu nimeona dalili. Juzi mmoja wenu, simtaji jina lakini masikio yake yanajulikana, alimsahihisha mama wa kantini mbele ya foleni nzima. Mama wa watu alikuwa amejaribu neno moja la Kizungu, la kutukaribisha tu. Yule mono akamrekebisha akiwa ameinua kidole. Niliona maandazi yake yalivyochaguliwa: madogo mawili, yaliyoungua. Nikasema huyu anafuata nyayo zangu, na nyayo zangu zinaishia shimoni.

Hakuna mtu anayezaliwa na ugonjwa huu. Mimi niliupatia shule ya msingi, kwenye diski. Wengi wenu mmeivaa. Kile kipande cha mbao chenye kamba: ukiongea Kikamba unavikwa shingoni, na unatembea nacho hadi umsikie mwenzako akiteleza, ndio umvike yeye. Jioni wote waliovaa siku hiyo wanapanga foleni kwa kiboko. Wengine walikuwa wakiivaa. Mimi nilikuwa mwindaji. Nilikuwa na masikio ya kutegea. Nikikaa na wewe, sikusikii unasema nini, nasikia unasemaje.

Siku moja Kioko, ambaye tulikuwa tunakaa dawati moja, alinijia nyuma ya darasa akilia. Aliniambia kwa Kikamba kwamba ng'ombe wao amekufa. Nikamvika diski. Sikumuuliza hata ni ng'ombe gani. Kioko siku hizi ni rafiki yangu tena, lakini ilichukua mwaka mzima, na mpaka leo akipata habari mbaya huwa ananiambia wa mwisho.

Basi nikatoka shule ya msingi na masikio hayo, nikaja hapa shule ya harambee nikaongeza biro nyekundu. Biro yenyewe nilimwibia mwalimu wa Kizungu. Najua, mwizi anafundisha watu adabu. Ndivyo kazi hiyo ilivyo.

Kinyozi wa pale soko la Mbumbuni alikuwa na bango jipya, la rangi ya buluu, herufi zimenona. Nililisoma Jumatatu, nikavumilia. Jumanne nikavumilia. Jumatano nikachukua chaki nikalisahihisha mchana, watu wakiona. Kinyozi alitoka nje. Alisoma, akatikisa kichwa polepole, akaniambia kijana nimesaidika sana, keti nikunyoe bure. Nikaketi. Akaninyoa upande wa kulia vizuri kabisa, safi, akapuliza nywele shingoni, halafu akakunja kitambaa. Nikamuuliza upande ule mwingine. Akasema yeye hajasoma, yuko na wasiwasi atakosea, kwa hivyo huo nitausahihisha mwenyewe.

Nilipita sokoni hivyo, nimefunika nusu ya kichwa na daftari la Jiografia.

Aliyenimalizia kunyoa kwa wembe ni Mzee Kivuva, fundi wa kuandika mabango, na huyo ndiye mwalimu wangu wa kweli wa kazi hii ingawa yeye mwenyewe Kizungu alikuwa anakijua kwa umbo tu, kama vile unavyowajua mbuzi wa jirani. Karibu kila ukuta wa Mbumbuni umeandikwa na mkono wake, na hilo bango la kinyozi pia. Nilitegemea atanichapa. Alinipa kopo la rangi nikoroge.

Nilikaa kwake likizo mbili. Nilijifunza kwamba brashi ya mkia wa punda inashinda ya duka kwa herufi zenye tumbo. Kwamba ukitaka mstari unyooke, chovya uzi kwenye unga wa mkaa, uvute kwa pande mbili, uuachilie upige ukuta. Kwamba neno refu linaanzwa kuandikwa katikati, unaenda kushoto na kulia, la sivyo herufi ya mwisho inaenda kuishi kwa jirani. Haya ya kweli yanawafaa, yaandikeni.

Lakini kitu kikubwa kilikuwa vile alivyopokea wateja. Mtu akija na karatasi yenye maneno anayotaka, Mzee Kivuva hasomi. Anamrudishia, anamwambia amsomee kwa sauti. Mtu anasoma dukani kwake, anajisikia. Akitabasamu, Mzee anachovya brashi. Akikwama, Mzee anamwuliza kama angependa kumwonyesha mwalimu kwanza, na mtu mwenyewe anasema ndiyo, au anasema hapana. Nilimwuliza kwa nini asiwaambie tu pale penye makosa. Alisema duka si lake. Yeye akimaliza anaenda nyumbani, mwenye duka ndiye atalala chini ya hayo maneno.

Nililipenda jibu hilo. Nililipenda vile mtu anavyopenda mahubiri: nikatikisa kichwa, nikaenda zangu.

Msianze kufurahi mkidhani nasema makosa ni mazuri na mwalimu wenu afukuzwe. Binamu yangu Mwikali aliandika barua ya kuomba nafasi ya kusomea unesi. Alikuja nayo mwenyewe, akavuta kigoda, akaniambia nimwonyeshe penye shida. Tulikaa mchana mzima na sufuria ya muthokoi katikati yetu. Nikiona kitu namwonyesha, yeye anaandika. Kalamu ilikuwa mkononi mwake muda wote. Aliitwa kwa mahojiano, akapita, na sasa anadunga watu sindano bila huruma. Hiyo ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na angalieni tofauti yake na hii ninayoenda kuwaambia: mwenyewe aliomba, mwenyewe alikuwepo, mwenyewe alishika kalamu.

Sasa mama yangu.

Mama anaitwa Kalunde, na ndiye mwandishi wa kikundi cha mwethya cha kwetu. Kwa nyinyi mliolelewa mjini, mwethya ni wamama wa mlima mmoja wanaokutana na majembe: leo wanachimba matuta ya shamba lako, wiki ijayo langu, na matuta yakiisha wanajenga kitu cha wote. Ukichelewa unatozwa kazi, unapimiwa hatua za kuchimba peke yako wengine wakiimba. Hawa wetu walikuwa wameamua kujenga tangi kando ya kanisa, likinge maji ya mabati, kwa sababu kutoka kwetu hadi mtoni unaondoka jua likichomoza na punda, unachimba mchanga hadi maji yaonekane, unarudi wengine wamekula mchana. Mawe walikuwa wamepasua. Mchanga walikuwa wamebeba. Shimo la msingi lilikuwa tayari. Kilichobaki ni simiti, na simiti hiyo ilikuwa ifike kabla ya mvua ya Novemba, kwa maana mvua ikija shimo litajaa matope, kuta zitaporomoka, na kazi ya miezi saba inakuwa bwawa la vyura.

Kuandika mama alijifunza akiwa mtu mzima, kwa ngumbaru, mchana wa Jumatano, ameketi kwenye dawati la watoto magoti yakitafuta kidevu. Mimi nilikuwa darasa la pili wakati huo. Tulikuwa tunagombania kifutio kimoja. Kizungu alikiongeza baadaye, hapa na pale, kwa Biblia, kwa mifuko ya mbolea, kwa madaftari yangu ya zamani. Siku alipochaguliwa kuwa mwandishi alirudi nyumbani na kitabu cha kikundi ndani ya kiondo, akakifunika kwa gazeti, gazeti akalifunika kwa nailoni, na mimi sikuruhusiwa kukigusa nikiwa nimekula mafuta.

Simiti ilikuwa inaombwa kwa Mama Hilda, mama mzee wa ng'ambo. Zamani alifundisha ushonaji kwenye misheni, akarudi kwao, na kanisa lake huko likawa linasaidia vikundi. Alikuwa ameandikiana na mama miaka minne. Wilibaro mbili za kikundi zilitoka kwake.

Sasa, barua ya mama iko na njia yake. Inaanza kwa salamu, na salamu si mstari mmoja. Anamsalimu Mama Hilda, anasalimu goti lake la kushoto ambalo linamsumbua wakati wa baridi, anasalimu paka wake, anasalimu pasta wa huko ambaye hajawahi kumwona. Halafu habari za huku: nani amejifungua, mbaazi zimefika wapi, punda wa nani alipotea akapatikana kwenye harusi. Ombi linakuja ukurasa wa pili, karibu na mwisho, kwa sauti ndogo. Ni kama jirani akija kuomba chumvi: anaongea mambo yote ya dunia, anasimama kwenda, anafika mlangoni, ndipo anakumbuka chumvi. Huku ndivyo tunavyoomba. Mtu akianza na chumvi tunajua ana shida ya malezi.

Barua ikiisha, mama anaisoma mbele ya kikundi, anawageuzia kwa Kikamba, wanaongeza yao, wanabishana kuhusu punda. Kisha kila mmoja anaweka kidole gumba kwa wino wa mhuri wa kanisa na kukibandika chini. Vidole ishirini na viwili.

Nilipewa barua hiyo niipeleke posta. Ilikuwa bado wazi, kwa sababu mama huwa anafunga bahasha kwa ugali, na siku hiyo ugali ulikuwa haujaiva. Aliniambia nitafunga mbele ya safari. Mbele ya safari nikakaa juu ya jiwe nikasoma.

Ningewaambia nilipigana na roho yangu, ila ningekuwa nasema uongo. Biro ilitoka mfukoni yenyewe. Nikaweka mistari, mishale, alama za kuuliza. Goti nikalizungushia duara nikaandika kando kwamba halihusiani na swali. Paka nikamfuta. Punda nikamfuta kwa furaha. Nilipoona karatasi haiwezi kutumwa tena, nikararua ukurasa katikati ya daftari langu, nikaanza upya na simiti mstari wa kwanza, kama mtu aliyetumwa na serikali. Nilitumia maneno niliyoyachuma kwenye kamusi kwa sababu ya urefu wao. Mengine sijui maana yake mpaka leo. Vidole vilinishinda kunakili, na isitoshe niliviona kama uchafu, basi mahali pao nikapiga sahihi ya mama yenye mkia mrefu ambao yeye hajawahi kuwa nao. Ile barua yake nikaichana vipande, nikavizika chini ya jiwe. Nikatembea hadi posta nikiimba.

Wiki zikapita. Jumamosi moja nilikuwa kazini kwenye tangi, nimetumwa kupanga mawe, wamama wakiwa wamepumzika na uji, pasta akaja akitembea haraka kuliko kawaida yake. Alikuwa na barua kutoka kwa Mama Hilda, na bahasha ilikuwa na jina la pasta, si la mama. Hilo pekee liliwafanya wasogee karibu.

Akawasomea, akigeuza kwa Kikamba. Mama Hilda alisema amepata barua yenye jina la Kalunde na hajui imeandikwa na nani. Miaka minne Kalunde hajakosa kuuliza goti lake, na huyu hakuuliza kitu chochote, alidai tu. Vidole vya wamama havimo. Anaogopa Kalunde ni mgonjwa, au kuna mwanaume ameingia akakichukua kikundi. Kwa hivyo ameomba stoo ya kanisa mjini wazuie simiti, mifuko yote, mpaka asikie kutoka kwa Kalunde mwenyewe.

Mnafaa kujua kwamba hofu ya mwanaume haikuwa mzaha. Kikundi cha ng'ambo ya bonde kilikuwa na bwana mmoja mwenye Kizungu kizuri aliyejitolea kuwaandikia barua. Simiti yao ilikuja. Ikajenga sebule yake.

Wote wakamgeukia mama. Mwenyekiti, Mama Syombua, mama mkubwa wa sauti nzito ambaye akisema keti hata kuku wanaketi, alimwuliza barua yetu alimpa nani. Mama alisema hakumpa mtu, aliandika kwa mkono wake na wote walimwona. Mama Syombua akasema waliona ile, lakini iliyofika si ile. Mama aliitazama bahasha mkononi mwa pasta. Alikuwa amenitazama? Hapana. Hilo ndilo liliniuma. Hakunitazama hata kidogo, hakufikiria upande wangu.

Mama Syombua akasema, bila ukali, kwamba itabidi kitabu kikae kwake hadi ijulikane.

Mama alifungua kiondo. Akatoa kitabu, na nailoni yake, na gazeti lake. Akakipangusa kwa leso ingawa hakikuwa na vumbi, akakitoa kwa mikono miwili.

Na mimi niliyekuwa juu ya rundo la mawe, mnajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nimegundua pasta amekosea kutafsiri sentensi moja, na nilikuwa nairekebisha kichwani. Naapa. Masikio yangu yalikuwa bado yako kazini. Ndipo nikaona mikono miwili ya mama iko hewani na kitabu, na kwa mara ya kwanza maishani nikasahau sentensi.

Nilishuka, mawe yakaporomoka na mimi, nikasema kwa Kikamba kwamba ni mimi.

Mama Syombua aliuliza ni mimi nini.

Nikasema mimi ndiye niliyeandika.

Akaniangalia kuanzia viatu, ambavyo havikuwepo, hadi kichwani. "Wewe, kavisi, kijana mdogo hivi? Wewe ndio yule mwanaume?"

Nikasema ndiyo.

Kisha mmoja nyuma akaanza, na wote wakacheka hadi uji ukamwagika. Wakasema wameogopeshwa na mwanaume ambaye bado anafuliwa shati. Pasta aligeuka akajifanya anakagua msingi. Mimi nikacheka pia, nikidhani imeisha. Hapo ndipo mzee wa kike, Nyanya Nzilani, aliyekuwa akikaa dawati la nyuma kabisa kwa ngumbaru na hakuwahi kuvuka herufi ya tano, alijikongoja mpaka mbele yangu. Hakuwa anacheka. Alinionyesha kidole gumba chake, kikavu, chenye kovu la shoka.

"Kizungu cha mama yako kilikuwa na makosa, sawa," akasema. "Kidole changu kilikuwa na kosa gani?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu hivyo, na nimefanya hesabu za Form Three.

Walinisimamisha hapo, wakanitaka nitaje kila kitu nilichotoa, nacho kikitajwa mwenye nacho anasema lake. Nilipofika kwa punda, mwenye punda aliuliza kama nilijua walimtafuta siku tano. Nilipofika kwa goti, mama yangu mwenyewe alisema, kwa sauti ya chini, kwamba Mama Hilda aliumia goti hilo akianguka kwenye mteremko wetu, akija kumfundisha mama kushona. Mimi sikujua. Nilikuwa nimelizungushia duara.

Adhabu ya mwethya haina rufaa. Nilipimiwa makarai mia moja ya mchanga kutoka mtoni, pamoja na kuwaimbia. Sauti yangu mnaijua. Baada ya karai la kumi wakaniondolea kuimba, si kwa huruma. Na kitabu? Mama Syombua alikirudisha pale pale, kwa mikono miwili vile vile, akamwambia Mwandishi aandike nyingine kesho baada ya kanisa, siku zinaenda.

Nisiwaache na presha: simiti ilikuja. Ilifika kwa lori wiki mbili kabla ya mvua, mifuko yote, na barua ya kurasa nne ambayo nusu yake ilikuwa goti. Wamama walipiga plasta wakipokezana, mimi nikikoroga, na mvua ya kwanza ilipopiga mabati tulisimama wote kando ya tangi kama watu wanaosikiliza mtoto akipumua. Maji yake ndiyo mnayokunywa mkija kwetu kwa mechi. Kwa hivyo kinachoitwa mwisho kilikuwa kizuri, na mimi nina mabega ya kubeba mchanga ambayo wasichana wa Form Two wameanza kuyaona, hata kama wanakataa.

Lakini ninachotaka mbaki nacho ni ile Jumapili ya barua.

Mama aliandika mchana, mlangoni, kwa mwanga wa jua, kitabu cha nyimbo kikiwa chini ya karatasi ili isitoboke. Mimi nilikuwa nimeketi kando natenganisha pojo na mawe. Hakuniita, na mimi sikusogea. Biro nyekundu nilikuwa nimemrudishia mwalimu Jumamosi ileile jioni, nikamwambia niliiokota, ambayo ni kosa lingine, tutalijadili mkifika Form Two. Alasiri wamama wakaja mmoja mmoja na vidole vyao. Nyanya Nzilani alibandika chake mara mbili, akasema kimoja ni cha ile ya kwanza.

Walipoondoka, mama akakunja barua, halafu akaikunjua, akanipa niitazame. Sikuomba. Nikaitazama. Ukurasa wa kwanza peke yake niliona vitu saba. Mkono uliniwasha, mwasho wa kweli, hadi nikaukalia. Salamu zilikuwepo, paka alikuwepo, punda alikuwa ameongezwa mistari miwili. Mimi pia nilikuwepo, nimeelezwa kwa ukweli ambao haukunipendeza, na mwishoni, kwa sauti ndogo, simiti. Nilisoma hadi vidole. Nikamrudishia, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la sita, mimi mwindaji, mimi masikio, nikasema iko sawa kabisa, mwaitu, haina kosa hata moja.

Mama akachukua kipande cha ugali kilichobaki mchana, akaanza kufunga bahasha.

"Acha uongo," akasema. "Iko na makosa mengi, na mengine nimeyaongeza mwenyewe, ndio Mama Hilda akifungua ajue ni mimi. Leta stempu."